Neno la Mhariri: Shujaa Anayetazamwa na Mwanawe

Toleo hili linahusu hadithi za picha, nasi tumeamua kulifungua na mtu anayesukuma kigari cha mtoto. Jina lake ni Ogami Itto. Alitokea mara ya kwanza Septemba 1970 katika Manga Action, jarida la kila wiki ambalo kampuni ya Futabasha ya Tokyo ililichapisha kwa ajili ya wasomaji watu wazima, na hadithi yake ikaendelea hadi Aprili 1976. Wajapani wanaiita Kozure Okami. Sehemu kubwa ya dunia inaijua kama Lone Wolf and Cub. Mtunzi wake ni Koike Kazuo, mchoraji ni Kojima Goseki. Ilipokusanywa vitabuni ilijaza juzuu 28.

Wengi wanaomtaja Ogami humtaja kwa upanga wake, idadi ya aliowaua na damu iliyoruka. Sisi tunadai kwamba huko ni kumsoma nusu. Kilichomfanya awe tofauti na wapiga panga wote waliomtangulia ni mtoto Daigoro, ambaye kila baba yake anapoua, yupo palepale anamtazama.

Mpiga panga asiye na bwana, anayetembea kutoka mji hadi mji, alikuwa amezoeleka Japani muda mrefu. Yoshikawa Eiji alimwandika Miyamoto Musashi katika gazeti la Asahi kuanzia 1935 hadi 1939, na taifa zima likamfuata. Mwaka 1961 mwongozaji Kurosawa alitoa filamu ya Yojimbo, na mwaka uliofuata zikaanza filamu za Zatoichi, kipofu mkandaji anayeficha upanga ndani ya fimbo. Wote hawa wana uhuru mmoja mkubwa: wakishaua wanaondoka, na hakuna anayewauliza kitu. Mji unabaki nyuma na maiti zake, barabara iko mbele. Koike alimnyima shujaa wake uhuru huo. Popote Ogami aendapo, anakwenda na shahidi.

Hadithi imewekwa katika zama za Edo, chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa. Bwana aliyehukumiwa kufa kwa heshima alijipasua tumbo mwenyewe, na nyuma yake alisimama mtu wa kummalizia kwa pigo moja la shingo asiteseke. Ogami ndiye anayeshika kazi hiyo kwa niaba ya shogun, mtawala wa kijeshi. Ukoo wa Yagyu, ambao katika historia ya kweli walikuwa walimu wa upanga wa mashogun, katika hadithi hii wanakitamani cheo chake. Wanamuua mkewe, Azami, kisha wanaficha kibao chenye nembo ya shogun katika hekalu ambamo Ogami huziombea roho za wale aliowakata shingo, ili ionekane kwamba anamwombea mtawala wake kifo. Anaamriwa kujiua. Anakataa.

Kabla ya kuondoka anafanya jambo ambalo hakuna aliyelisoma akalisahau. Anamweka Daigoro sakafuni, mtoto ambaye bado anatambaa, na mbele yake anaweka vitu viwili: mpira wa kuchezea na upanga. Anamweleza, akijua kwamba mtoto haelewi, kwamba akichagua mpira atamtuma kwa mama yake, yaani atamuua kwa mkono wake mwenyewe, na akichagua upanga watatembea pamoja katika njia ya mashetani. Kojima haharakishi hata kidogo hapa. Anatuonyesha mikono midogo ikisogea, uso wa mtoto, uso wa baba, kisha mpira na upanga vikiwa vimetulia tuli. Daigoro anautazama mpira. Halafu anatambaa hadi kwenye upanga, na baba yake anamkumbatia akimsikitikia.

Tangu kurasa hizo msomaji hana ruhusa ya kumshangilia Ogami kwa moyo mweupe. Mtu aliyekuwa tayari kumuua mwanawe ndiye huyohuyo atakayemfunika kwa nguo yake kwenye baridi. Bango la kigari linatangaza kwamba mtoto anakodishwa na upanga unakodishwa. Bei ya kuua mtu ni ryo 500 za dhahabu. Koike hatuambii tumhukumu vipi. Anamweka Daigoro penye tukio, akiwa na macho yale makubwa, na hukumu anaiacha mikononi mwetu.

Watunzi hawa wawili walikutana kutoka njia tofauti. Kojima alizaliwa Yokkaichi tarehe 3 Novemba 1928, siku ileile aliyozaliwa Tezuka Osamu, baba wa manga ya kisasa, yaani hadithi za picha za Kijapani. Tezuka alisomea udaktari. Kojima alichora mabango ya sinema, kisha picha za wale waliosimulia hadithi barabarani kwa kadi, kisha vitabu vya kukodi vilivyosomwa na vibarua na vijana wasio na pesa ya kununua. Baadaye alifanya kazi na Shirato Sanpei katika Kamui Den, hadithi ndefu ya wakulima na matabaka. Huko kote kunaonekana katika mkono wake: brashi yenye wino mzito, majani yanayoyumba, kurasa nzima zisizo na neno hata moja. Koike alikuwa mdogo kwa miaka minane, mzaliwa wa Akita, aliyepitia studio ya Saito Takao, mchoraji wa Golgo 13. Imani yake kubwa ilikuwa kwamba mhusika hutangulia na mkasa hufuata. Mwaka 1977 alifungua darasa la kuwafundisha watunzi wa manga, na humo wakatoka kina Takahashi Rumiko na Hara Tetsuo. Kwa maoni yetu, somo lake bora kabisa alikuwa ameshalitoa kwa kumweka Daigoro ndani ya kigari.

Tusisahau mwaka ambao Ogami alitokea. Hadithi ilikuwa na miezi miwili tu sokoni wakati mwandishi Mishima Yukio alipoingia katika kambi ya jeshi ya Ichigaya, tarehe 25 Novemba 1970, akawahutubia askari waliomzomea, kisha akajipasua tumbo. Mfuasi aliyesimama nyuma yake na upanga alishindwa kumkata vizuri, ikabidi mwingine amalizie. Hatusemi kwamba tukio moja lilizaa jingine. Lakini wakati Mishima alipojaribu kufufua heshima ya samurai kwa mwili wake, Koike na Kojima walikuwa wakichapisha, wiki baada ya wiki, hadithi inayoonyesha heshima hiyo inavyotumiwa na wenye cheo kuwaangamiza waaminifu. Humo mna mabwana wanaowakamua wakulima kodi na samurai maskini wanaokufa kwa ajili ya neno la mtu asiyewajua majina. Ogami mwenyewe amekataa amri ya kufa, na bado anaishi kwa sheria zilezile zilizomvunja.

Kuna sura moja ambamo Daigoro amepoteana na baba yake na anazunguka peke yake kutoka hekalu hadi hekalu, akitumaini kumkuta. Samurai mmoja anamwona na kushtushwa na macho yake, kwa kuwa ni macho ya mtu aliyekwisha kuvuka mpaka wa kifo, ambayo hata wapiganaji wazoefu hawayapati. Moto unawashwa mashambani. Mtu mzima yule, badala ya kumwokoa, anasimama kutazama mtoto atafanya nini. Daigoro halii. Anachimba tope, anajifukia humo, na moto unapita juu yake. Msomaji anapumua, kisha linamjia swali: ni mzazi gani aliyemlea mtoto wa umri huu hadi akajua jambo hili? Hakuna pigano hata moja katika juzuu zote 28 linalouma kama ukurasa huo.

Upungufu upo, nao ni mkubwa. Wanawake wa hadithi hii mara nyingi wanaingizwa ili wabakwe, wajitoe mhanga au wafe, na Koike anarudia jambo hilo hadi linachosha na kukera. Azami, mama ambaye kifo chake ndicho kilichoanzisha yote, anapewa nafasi ndogo kuliko maadui wengi wa sura moja. Anayeisifu hadithi hii na akalinyamazia hilo haitendei haki.

Filamu zilikuja upesi. Kati ya 1972 na 1974 zilitoka sita, zikitayarishwa na kampuni ya Katsu Shintaro, aliyekuwa Zatoichi mwenyewe, huku kaka yake, Wakayama Tomisaburo, akiigiza Ogami. Wakayama alikuwa mnene, mzito wa uso, na fundi wa upanga kwelikweli. Filamu hizo zinavutia, lakini damu imefanywa mapambo, na kwa kuwa jaridani hadithi ilikuwa bado haijaisha, hazikufika mwisho wake. Mwaka 1980 Wamarekani walichukua vipande vya filamu mbili za kwanza, wakavishona pamoja, wakaviita Shogun Assassin. Karibu kila kitu cha siasa na historia kilitupwa. Hata hivyo, waliotaka damu tu walilazimika kutafuta sauti ya kuibeba hadithi, nao wakampa Daigoro kazi ya kusimulia. Sauti ya mtoto huyo ikasafiri mbali kuliko filamu yenyewe: mwaka 1995 mwanamuziki GZA aliiweka katika albamu yake ya Liquid Swords.

Kitabu kilichelewa. Kampuni ya First Comics ilianza kukitoa kwa Kiingereza mwaka 1987, kikiwa na majalada ya Frank Miller, mchoraji ambaye tayari alikuwa amekiri deni lake kwa Kojima. Kurasa ziligeuzwa ili zisomwe kutoka kushoto, hivyo wapiga panga wote wakawa wa mkono wa kushoto. Mradi ulikatika kabla hadithi haijafika nusu. Tafsiri kamili ilianza kutoka mwaka 2000 kwa Dark Horse. Katikati ya miaka hiyo Max Allan Collins aliandika Road to Perdition, hadithi ya muuaji wa kimafia anayekimbia na mwanawe Marekani ya miaka ya 1930, na hakuficha alikoichota. Collins alielewa. Katika kitabu chake mtoto ndiye msimulizi, na swali ni lilelile: baba alikuwa mtu wa namna gani?

Tumeanza na Ogami kwa sababu baadhi ya makala zinazofuata zinasifu ustadi wa kuchora mapigano, na tunaafiki kwamba ustadi huo unastahili sifa. Ila tunawaomba wachoraji na watunzi wanaotusoma wajiulize, kabla ya kumpa shujaa wao silaha, ni nani atakuwa amesimama pembeni akimtazama. Na anayetaka kumjua Ogami asianze na filamu. Aanze na juzuu ya kwanza, azifuate nyingine kwa mfuatano wake, wala asiruke zile sura ambazo upanga hautoki alani.