Tuko Onlaini, Lakini Hatumo Darasani

Wandugu vijana, na ninyi munaofanya kazi kwenye mashirika, leo nataka tuongee juu ya neno dogo: kuwepo.

Kiswahili kinajua kutofautisha. Ukisema mtu "yupo", yuko hapa, pahali tunapopajua. Ukisema "yuko", yuko pahali fulani tu, labda mbali. Ukisema "yumo", yuko ndani. Sisi tuliotoka Kongo tunasema "iko" kwa karibu kila kitu na Watanzania wanatucheka, lakini tofauti yenyewe tunaisikia. Mtu anaweza kuwa kwenye orodha ya darasa la Zoom, jina lake linaonekana pale chini, na bado hayumo darasani. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemjibu, na akitoka hakuna atakayejua.

Mimi nasema hivi: kozi nyingi tunazoletewa kwenye simu zinahesabu nani yuko, hazijali nani yumo. Na kwa hesabu hiyo vijana wanapoteza nafasi.

Hapa Uganda mashule yalifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wote wakarudi Januari 2022. Karibu miaka miwili! Toka wakati ule masomo ya mtandaoni yameongezeka: Kiingereza, kompyuta, biashara ndogo, hata digrii. Ni kitu kizuri, sikatai. Kwa kijana wa Nakivale au Kyangwali ambaye chuo kikuu kiko mbali na karo haiwezekani, simu ndiyo mlango uliobaki. Ndiyo maana inauma mlango ukifunguliwa halafu ndani hakuna anayekukaribisha.

Chukueni sheria moja ambayo mimi na wenzangu tumekutana nayo: kamera iwashwe muda wote, la sivyo unaandikwa hukuhudhuria. Ukikosa mara tatu, nafasi inapewa mwingine. Sasa tupige hesabu. Saa moja ya video inaweza kula megabaiti mia kadhaa, hata kufika giga nzima. Sauti peke yake inakula kidogo sana. Tangu Julai 2021 serikali ya Uganda inakata kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Na munajua wenyewe vile msaada wa chakula ulipunguzwa mwaka 2023. Kwa hiyo ukimwambia dada mwenye watoto wawili awashe kamera masaa mawili, mara tatu kwa wiki, umemwambia achague kati ya uso wake kwenye skrini na unga wa jioni. Atachagua unga. Wewe ofisini utaandika: "hana bidii".

Tena kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi. Kamera inaonyesha nyumba. Inaonyesha turubai, godoro chini, mgonjwa amelala nyuma yako. Kuna mtu ana megabaiti za kutosha na bado anazima kamera, sababu ni heshima yake.

Najua jibu la watu wa mashirika. Watasema: mfadhili anataka ushahidi kwamba watu walisoma. Watasema pia kwamba mwalimu anayeongea na vibokisi vyeusi ishirini anajisikia kama anaongea na ukuta. Hayo yote mawili ni kweli. Lakini je, kamera ndiyo inayoleta kuwepo? Watu wamelichunguza jambo hili miaka mingi, na majibu yao hayako upande wa kamera sana.

Mwaka 1976, kabla hata ya intaneti tunayoijua, watafiti watatu wa Uingereza, Short, Williams na Christie, waliandika kitabu juu ya mawasiliano ya mbali. Waliamini kwamba kadiri chombo kinavyobeba uso, macho na sauti, ndivyo mtu wa upande wa pili anavyosikika kuwa mtu kweli. Hapo kamera ingeshinda. Lakini mwaka 2000 walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada, Garrison, Anderson na Archer, waliangalia madarasa ambayo watu walikuwa wanaandikiana tu kwenye kompyuta, bila sura wala sauti. Wakasema kuwepo darasani kuko kwa aina tatu: kuwepo kwa watu wenyewe, kila mmoja akijulikana kuwa mtu, kuwepo kwa akili, watu wakifikiri pamoja, na kuwepo kwa mwalimu, anayepanga na kuongoza. Yote matatu yanaweza kupatikana kwa maandishi. Watu wakiitana kwa majina, wakijibizana, wakitaniana kidogo, wamo.

Hata kwenye zile miwani za uhalisia pepe ni hivyo. Mtafiti anayeitwa Mel Slater alieleza mwaka 2009 kwamba miwani ile inaleta vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kuhisi kwamba uko pahali pale. Cha pili ni kuamini kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli, na hicho kinategemea sana kama mambo ya mule yanakujibu. Ukimsalimia mtu wa mule ndani na yeye akapita kama hujasema kitu, macho yako yanaendelea kuona chumba, lakini kuamini kunavunjika.

Kuna mfano unaotuhusu sisi wakimbizi moja kwa moja. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu ya miwani hizo inayoitwa Clouds Over Sidra, iliyotengenezwa na Gabo Arora na Chris Milk. Inamwonyesha binti wa Syria wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Unavaa miwani, unageuza kichwa, unaona chumba anachoishi na familia yake, unaona darasa lake. Ilionyeshwa Davos kwa viongozi na matajiri wa dunia, na imetumika kuchangisha pesa. Siidharau kazi ile. Lakini angalieni mwelekeo wake: tajiri aliweza kujisikia ameketi kwa Sidra, Sidra hakuweza kumwona aliyeketi kwake. Hakuweza kumuuliza swali. Aliyepewa kuwepo ni mgeni, mwenyeji alibaki kuangaliwa.

Kwetu mgeni anapiga hodi, anangoja "karibu", ndipo anaingia. Teknolojia inayotuleta machoni pa wengine bila sisi kuweza kuwajibu inaingia bila hodi. Na kozi ambayo mwalimu anaongea dakika tisini halafu anafunga ni hiyo hiyo, imegeuzwa tu. Safari hii sisi ndio tunaangalia, hatuonekani, na tunaambiwa tumesoma.

Sasa niseme kinachofanya kazi. Tangu 2010 Majesuiti walianzisha masomo ya mtandaoni katika kambi za Kakuma, Kenya, na Dzaleka, Malawi. Mwalimu anaweza kuwa bara lingine, lakini wanafunzi wana kituo pale pale kambini, na wanakutana. Dadaab, kuanzia 2013, vyuo vikuu vya Kenya na Kanada viliungana kufundisha wakimbizi kwa njia ya mtandao pamoja na ana kwa ana. Hawakusema simu peke yake inatosha. Waliona kwamba mtu anahitaji pia kiti, umeme, na mwenzake wa kumuuliza "umeelewa pale?"

Na kuna WhatsApp, ambayo watu wakubwa wanaidharau. Grupu letu la Kiingereza lina watu kumi na wanne. Hatuna video. Mwalimu wetu anatuma voisi ya dakika tatu, sisi tunajibu kwa voisi usiku, wakati bando ni rahisi na watoto wamelala. Kesho yake anajibu kila mtu kwa jina: "Wewe jana ulisema hivi, sasa jaribu hivi." Siku moja mwenzetu mmoja alinyamaza siku nne. Watu watatu walimtafuta, mmoja akaenda mpaka kwake. Kumbe betri ya simu ilikuwa imekufa. Tukamtafutia njia, akaendelea. Hakuna kamera ingeweza kumwona. Aliyemwona ni mtu aliyegundua kwamba sauti yake haisikiki.

Kwa hiyo ninyi wa mashirika, nawaomba mambo manne. Moja, kamera iwe hiari. Mbili, mahudhurio yahesabiwe kwa majibu: voisi moja, sentensi mbili, zoezi moja ndani ya siku mbili. Huo nao ni ushahidi, na mfadhili ataelewa mukimweleza. Tatu, kozi ya watu mia igawanywe kwa vikundi vya watu kumi au kumi na tano, na kila kikundi kiwe na kijana mmoja wa hapa hapa anayelipwa kidogo kwa kazi ya kuita majina na kutafuta waliopotea. Nne, bando na chaji viandikwe kwenye bajeti kama munavyoandika mafuta ya gari. Kama pesa inatosha kununua miwani ya uhalisia pepe, ni sawa, inaweza kumfundisha mtu kuchomelea vyuma bila kuungua. Lakini mambo haya manne yatangulie.

Na sisi vijana tuambiane ukweli pia. Kuna wenzetu wanaingia darasani, wanaacha simu juu ya meza, wanaenda kuchota maji. Mwalimu anauliza swali, kimya. Anauliza tena, kimya. Yule mwalimu naye ni mtu, naye anahitaji kujua kama kuna mtu upande huu. Kama unaenda kwenye maji, sema unaenda kwenye maji. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Neno moja tu linatosha kumfanya aliye mbali ajue haongei na ukuta.

Walio na darasa wiki hii wafanye jaribio dogo. Angalia orodha, tafuta jina moja ambalo halijasema kitu siku nyingi, umtumie voisi: "Uko?" Halafu ungoje jibu. Asipojibu mpaka kesho, muulize jirani yake.