Simu yetu ni ushahidi, lakini nani atasoma siri zetu?

Wengi wetu tulipohama tulibeba watoto, godoro na simu. Ndani ya simu kuna picha za nyumba zilizochomwa na sauti za majirani. Ni ushahidi wa kweli. Mwaka 2018, mu Bukavu, korti ya kijeshi ilihukumu wakuu wawili wa FDLR kifungo cha maisha juu ya mauaji ya Kalehe ya mwaka 2012. Picha zilizopigwa kwa simu zilikuwa kati ya ushahidi.

Lakini mu simu hiyo hiyo kuna ujumbe ulioandikia avoka wako. Kanuni ya 73 ya CPI inalinda maneno hayo: hayatolewi kortini bila ruhusa yako. Maneno na daktari ao padri yanaweza kulindwa pia.

Basi nani anayachambua? Kama mpelelezi anasoma yote kiisha anafuta, amekwisha kujua. Hakuna anayesahau alichosoma. Mu kesi ya kuhonga mashahidi iliyomhusu Jean-Pierre Bemba na avoka wake, CPI iliweka avoka huru asikilize kwanza simu zilizorekodiwa, mbele ya mwendesha mashtaka kuzipata. Kazi yake ilikuwa kutenga siri za utetezi na yale yaliyohusu kosa, sababu siri hailindi mtu anayetumia avoka kwa kutenda kosa.

Mimi naona tunaweza kufanya vile hapa kwetu, hata bila pesa za La Haye. Simu yenyewe ifungwe, isiguswe. Nakala yake ichambuliwe na hakimu asiye mu kesi ile, avoka wa mwenye simu akiwapo. Kila kilichoondolewa kiandikwe: tarehe, na nani alizungumza na nani, bila maneno yenyewe. Upande mwingine ukikataa, jaji ataamua.

Na wewe mwenye simu, usifute kitu mwenyewe. Ukifuta ujumbe mmoja, watauliza ulificha nini kingine, na picha zako zote zitatiliwa shaka. Usipeleke maneno ya avoka mu kundi la WhatsApp. Siri uliyoitangaza mwenyewe inaweza kupoteza ulinzi. Mbele ya kutoa simu, uliza: nani ataisoma kwanza?

Tunataka haki. Lakini mama aliyepoteza nyumba asilazimishwe kupoteza na siri yake.