Watoto Wetu Wananyimwa Msimu

Katika shule za bweni za kitajiri za Uingereza, na katika shule zilizoigwa kutoka kwao duniani kote, mwanafunzi anaporejea mwanzoni mwa muhula hukuta ratiba imebandikwa ubaoni. Jumamosi hii raga ugenini. Jumamosi ijayo raga nyumbani. Jumatano mchezo wa vitara, ule wa kupambana kwa panga nyembamba zisizo na makali, dhidi ya shule jirani. Katika ratiba hiyo yumo nahodha wa timu ya kwanza. Yumo pia mtoto mnene asiye na mbio, anayecheza timu ya tatu au ya nne, ambaye hakuna mtu atakayemkumbuka kwa ushindi wowote. Naye ana mpinzani wake, ana siku yake, na akifungwa leo anajua kwamba wiki ijayo atacheza tena.

Watu wetu wakiona picha za watoto hao huvutiwa na vitu: jezi nyeupe, kofia za wavu wa chuma, mpira wenye umbo la yai. Wengine hutamani, wengine hudharau na kuviita mambo ya Wazungu. Nadhani pande zote mbili hutazama pasipostahili. Kinachomtenga mtoto yule na mtoto wa shule ya bweni ya serikali hapa Kagera ni kalenda. Yule amepewa msimu, na huyu wetu amenyimwa.

Nayaandika haya nikiwa Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, mahali ambapo hakuna haja ya kumfundisha mtu maana ya msimu. Kahawa ina msimu wake. Senene wana msimu wao, na mvua za Novemba zinapokuja, mzee na mtoto hukesha pamoja chini ya taa. Hakuna anayeuliza senene wataongeza alama ngapi katika mtihani wa kidato cha nne. Watu wanajua kwamba jambo lenye msimu lina maandalizi yake, matumaini yake, hasara yake na kurudi kwake. Ni shule peke yake, katika mkoa huu wenye misimu mingi, isiyo na msimu wa kucheza.

Najua nitajibiwa kwamba tuna UMISSETA. Tunayo, na nawaheshimu walimu wanaojitolea kuisimamia kwa posho ndogo na wakati mwingine bila posho. Lakini tuitazame inavyofanya kazi. Wachezaji huchaguliwa shuleni kwenda kata au tarafa, kisha wilaya, kisha mkoa, hadi fainali za taifa zinazofanyika katikati ya mwaka. Mtwara, Tabora na Iringa zimewahi kuwa wenyeji katika miaka ya karibuni. Kila ngazi kazi yake ni kupunguza. Chukulia shule ya bweni yenye wanafunzi 600. Ikibahatika, itatoa vijana watano katika timu ya wilaya. Hao watano watapata mafunzo, jezi na safari. Wale 595 mchezo wao umekwisha, pengine baada ya mechi mbili, na mwaka mzima uliobaki watakuwa watazamaji, au watapiga mpira jioni bila mwalimu, bila mwamuzi na bila mpinzani. Hilo ni chekecheo. Lina kazi yake, kwa maana taifa linahitaji kuwatambua wenye vipaji; lakini hakuna mkulima anayeliita chekecheo shamba.

Na hata chekecheo hilo liliwahi kutupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Baadaye yalirejeshwa, lakini hoja ile haikuondoka. Imo katika vichwa vya wazazi, wakuu wa shule na maofisa wanaokumbuka wastani wa ufaulu kuliko majina ya wanafunzi. Ndiyo inayogeuza saa ya michezo kuwa saa ya marudio, na uwanja kuwa mahali pa adhabu, ambako mwanafunzi hupelekwa kufyeka nyasi.

Hoja hiyo ina kasoro ambayo ni rahisi kuiona: wenye uwezo hawaiamini. Shule zinazotoza karo kubwa kuliko zote, ambazo wazazi wake ndio wanaohangaikia vyeti kuliko sisi, ndizo zenye michezo mingi kuliko zote. Nchini kwetu raga imeishi kwa miaka mingi katika klabu na shule za kimataifa za Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Mchezo wa vitara ni adimu hata huko. Mzazi anayelipa karo hiyo hajatupa fedha zake. Anajua kwamba mtoto anayepangiwa mechi kila wiki hujifunza mambo ambayo darasa peke yake halimpi: kujiandaa kwa tarehe isiyosogezwa, kumtii mwamuzi aliyekosea, kumpa mkono aliyemshinda, na kurudi. Iweje tuseme mambo hayo ni elimu kwa mtoto wa tajiri na ni upotevu wa muda kwa mtoto wa mkulima wa ndizi?

Upo upande wa pili wa hoja, na huu hutoka kwa wanaharakati wenzangu: kwamba michezo hii ni mabaki ya ukoloni. Ni kweli raga ilipata jina lake kutoka shule ya bweni ya Rugby, Uingereza, ambako wanafunzi waliandika kanuni zake mwaka 1845. Ni kweli pia kwamba Waingereza walileta mfumo wa shule hizo hapa kwa shabaha ya kuandaa tabaka la watawala wasaidizi. Budo ilianzishwa Uganda mwaka 1906, na Shule ya Tabora ikafunguliwa mwaka 1925, zote zikiwalenga kwanza watoto wa machifu. Lakini soka nalo lilipata kanuni zake za mwanzo katika shule na vyuo vya tabaka lile lile. Mbona hatuliiti la kikoloni? Kwa sababu lilitoka nje ya uzio. Mtoto wa Kashai, wa Kemondo na wa Muleba alilichukua, akatengeneza mpira wa makaratasi na kamba za migomba, likawa lake. Mchezo hubaki wa mkoloni pale tu unapobaki ndani ya uzio wake.

Kenya inatuonyesha hivyo. Raga huko ilikuwa mchezo wa walowezi, ikilelewa katika shule zao kama Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana. Baada ya uhuru, vijana wa Kiafrika walioingia katika shule hizo hawakuutupa mpira, waliuchukua. Mwaka 1977 timu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, ikatwaa Kombe la Kenya. Raga ikaenea hadi Kakamega, na Aprili 2016 timu ya taifa ya wachezaji saba ikashinda mashindano ya dunia ya Singapore. Mchezo wa vitara, ambao ndio wenye sura ya kibwanyenye kuliko yote, leo unafundishwa kwa vijana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi na kikundi kiitwacho Tsavora; na Alexandra Ndolo aliiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Sisemi tuige kila kitu cha jirani. Nasema mlango unafunguka pale watu wanapokataa kuambiwa kwamba jambo fulani si la watoto wao.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kuujua mfumo ule kutoka ndani, alionya katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 juu ya elimu inayowachuja wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Nadhani tumeyasahau yote mawili kwa pamoja. Tumejenga michezo ya shule kwa mfano wa mtihani: ngazi, mchujo, wachache juu, wengine nyumbani. Kisha tunashangaa kupata raia wanaojua namna moja tu ya kushindwa, yaani kuondolewa.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la siasa. Katika msimu, timu iliyofungwa Jumamosi hubaki katika ligi. Hujiuliza ilikosea wapi, na anayeiongoza ligi hujua kwamba watakutana tena. Katika mchujo, aliyefungwa hana kesho, na kwa hiyo kila hila inaruhusiwa ili asifungwe. Tazameni chaguzi zetu, kuanzia za serikali za wanafunzi vyuoni hadi za vyama na za taifa, kisha mniambie zinafanana na kipi kati ya hivyo viwili. Sidai kwamba raga itatuletea demokrasia. Nadai kwamba mtu ambaye tangu utotoni hakupewa nafasi ya kushindwa na kurudi hatampa mwenzake nafasi hiyo akiwa na mamlaka.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mtaniuliza fedha. Mnayo haki ya kuuliza, na jibu ni dogo kuliko mnavyodhani. Bukoba na pembezoni mwake kuna shule za bweni zenye historia ndefu: Ihungo, Nyakato, Kahororo, Rugambwa na nyinginezo. Chukueni shule tano tu. Zikicheza kila moja na mwenzake nyumbani na ugenini, ni mechi 20 kwa wiki kumi, na kila timu inapata mechi nane. Wekeni timu ya pili, kisha ya tatu, wavulana kwa wasichana, na wakati wachezaji ishirini wanasafiri, hesabu ya gari ni ile ile kwa arobaini. Mchezo uwe soka, netiboli, wavu au raga. Hilo waamue walimu na wanafunzi wenyewe. Raga inahitaji mpira mmoja na nyasi, na kwa mvua za Bukoba nyasi hazijawahi kuwa tatizo. Vitara vitahitaji zaidi, na vinaweza kusubiri. Walimu waliosomea michezo katika chuo cha Malya wapo. Wapewe vipindi vyao badala ya kuzibia mapengo ya masomo mengine.

Msiseme haiwezekani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliangusha majengo ya Ihungo na Nyakato, na wapo waliosema shule hizo zimekwisha. Leo zimesimama, kwa kuwa serikali na wahisani waliamua zisimame. Ratiba ya mechi haihitaji saruji wala nondo. Inahitaji wakuu wa shule watano kukutana asubuhi moja, afisa elimu mmoja kutia sahihi, na karatasi ya kubandika ubaoni kabla ya muhula kufunguliwa, yenye nafasi ya jina la mtoto wa timu ya tatu.