Gwaride Likiisha, Mpiganaji Hurudi kwa Nani?

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mnarani mkuki na ngao, upinde na mshale, na shada la maua, tarumbeta hulia, mashehe, mapadri na wachungaji huomba dua. Wazee waliopigana husimama wima kadiri magoti yao yanavyowaruhusu, medali vifuani. Hilo ni jambo jema, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayelibeza. Lakini yafaa tujiulize, hasa sisi wakazi wa mkoa huu wa Kagera: ifikapo tarehe 26, gwaride likiisha kuvunjwa na turubai zikiisha kukunjwa, mzee yule hurudi kwa nani?

Swali hili ni letu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Wananchi waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, majumba yakaporwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu walikimbilia kusini ya mto na watoto wao migongoni. Wakati huo mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera tulilipata baada ya vita hivyo. Kwa hiyo hata jina tunaloliandika katika barua zetu limelipiwa kwa damu.

Waliolilipia ni akina nani? Jeshi la Wananchi, lililoundwa mwaka 1964, halikuwa kubwa. Vita vilipoanza lilikuzwa hata kupita mara mbili ya ukubwa wake, kwa kuingiza mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na askari wa Polisi na wa Magereza. Mkulima wa pamba, mvuvi wa pwani na karani wa kijiji walikutana ukingoni mwa mto ambao wengi wao hawakupata kuuona maishani. Waliuvuka, wakapita Mutukula na Masaka, wakapigana Lukaya mwezi Machi 1979 na jeshi lililoongezewa nguvu na askari wa Libya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa. Wapo waliobaki Uganda kulinda usalama hadi mwaka 1981.

Waliporejea waliikuta nchi imejifunga mkanda. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wavumilie kwa miezi 18; dhiki ikazidi muda huo kwa mbali. Askari wa kudumu aliendelea na kazi yake, na alipostaafu alikuwa na pensheni. Wapo mgambo waliobakizwa jeshini, lakini wengi waliondolewa vita vilipokwisha, wakarudi kwenye jembe walilokuwa wameliacha. Bunduki aliyoibeba yule wa kudumu ndiyo aliyoibeba mgambo, na risasi haikumuuliza mtu namba yake ya utumishi. Tofauti ilikuja kuonekana baadaye, uzeeni, ambapo mmoja ana hundi ndogo ya kila mwezi na mwenziwe hana kitu.

Jambo hili la kumtumia mtu na kumsahau si geni katika historia yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wakoloni waliwachukua watu wetu kwa makundi makubwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi mno walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kambi yao Dar es Salaam ndiyo asili ya jina Kariakoo. Mwaka 1927 Mwingereza akasimamisha katikati ya mji Sanamu ya Askari, nayo ipo hadi leo. Vita vya pili vilipokuja, vijana wetu wa Keya walipelekwa hata Burma. Mkoloni aliiheshimu sanamu na kumsahau mtu. Wala hatukumstaajabia, maana hakuwa ndugu yetu. Lakini sisi tuliojitawala tukifanya vivyo hivyo, tukajenga minara na kuwaacha walio hai, tutajitetea kwa hoja gani?

Nisiwanyoshee wengine kidole pasi na kujinyoshea mwenyewe. Mimi nimezaliwa baada ya vita. Tulipokuwa watoto wa madrasa palikuwa na jirani yetu tuliyemkimbia. Alikuwa mkimya, mlevi nyakati fulani, na radi ikipiga usiku alitoka mbio nje akalala kifudifudi migombani hadi mvua iishe. Watoto tulimcheka, na watu wazima walisema amerogwa. Aliishi nasi zaidi ya miaka 30 kwa hali hiyo. Siku ya tatu baada ya maziko yake, mkewe alifungua kopo la bati akatoa karatasi iliyochakaa mikunjoni na medali iliyofungwa katika kitambaa. Hapo ndipo kijiji kizima kilipotambua kwamba yule tuliyemcheka alipigana Lukaya. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, imamu alikuwapo, na mimi mwenye kadi ya Chama nilikuwapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumuuliza.

Nasema hakuna aliyemuuliza, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Askari hufundishwa kutolalamika. Huambiwa avumilie, naye huvumilia hata pale uvumilivu unapomuua. Ukimngojea aje ofisini kueleza shida yake, hatakuja. Jeraha la mguu huonekana. Jeraha la moyo huonekana kwa sura ya ugomvi, ulevi, kukosa usingizi na kuvunjika kwa ndoa, nasi humwita mwenye jeraha hilo mkorofi. Hivyo msaada wowote unaomtaka mpiganaji aufuate ni msaada nusu. Hana budi kufuatwa alipo.

Watakuwapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na Serikali isiachiliwe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatamka kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Mpiganaji aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 ameshaupita umri huo siku nyingi. Kule Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni ya jamii, awe alikuwa mwajiriwa au mkulima. Jambo hilo limewezekana katika sehemu moja ya Jamhuri yetu, na upande huu nao una wajibu wa kulifikiria kwa dhati, kwani litamgusa mgambo wa zamani na mjane wake pia. Hata hivyo, sera haina miguu. Haiwezi kutembea hadi kitongojini kumtafuta mzee asiyejua kwamba ana haki. Anayeweza kwenda huko ni jirani.

Wengine watauliza: kwa nini askari, na wakulima na wakunga waliolijenga Taifa nao ni maskini? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Hatusemi mpiganaji ni bora kuliko mkulima. Mgambo mwenyewe alikuwa mkulima. Lakini mkulima aweza kuliacha shamba mvua ikikosa, na mwajiriwa aweza kuacha kazi akidhulumiwa. Askari akiambiwa avuke mto, huvuka. Sisi ndio tuliomwamrisha, kwa jina letu na kwa ajili yetu, naye aliweka uhai wake kwetu kama amana. Na tangu udogoni tumefundishwa kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe, wala si hiari ya aliyeishika.

Basi tufanye nini? Hatua za mwanzo hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kijiji na kila mtaa uwe na daftari la wapiganaji wa zamani na wajane wao. Mabalozi wa mashina wanajua kila mlango. Kazi hii ya wiki moja haiwashindi. Pili, Mshauri wa Mgambo wa Wilaya na afisa ustawi wa jamii walipitie daftari hilo, wakamsaidie mzee kupata hati zake zilizopotea na kitambulisho cha matibabu. Tatu, misikiti na makanisa yateue watu wa kuwatembelea, kuketi nao na kuwasikiliza, na kumpeleka hospitali yule ambaye vita havijaisha kichwani mwake. Nne, shule zetu ziwaalike wasimulie. Mtoto wa Missenyi anayesoma habari za vita kitabuni, ilhali shahidi anaishi nyuma ya shule, anapunjwa elimu. Na mzee anayeulizwa na kusikilizwa huanza kupona hata kabla ya dawa.

Wala tusidhani jambo hili litakwisha wazee hawa watakapotutoka. Vijana wetu wanaendelea kutumwa kulinda amani katika nchi za watu. Mwezi Desemba 2017, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo, askari wetu zaidi ya 10 waliuawa katika shambulio moja. Walionusurika wana wenzao waliowaona wakianguka, na siku moja nao watavua sare, warudi Biharamulo, Ngara na Karagwe. Watapokewa kama mashujaa kwa siku moja. Siku zitakazofuata zinategemea desturi tutakayokuwa tumeijenga sasa.

Neno la mwisho ni kwetu sisi makada na viongozi. Tumezoea kuwaita wazee hawa wakati tunapotaka jukwaa letu lipendeze. Tunawaketisha mbele, tunapiga nao picha, kisha gari linaondoka na vumbi linabaki kwao. Mwaka huu tubadili mwendo. Kila kiongozi atakayehudhuria gwaride la tarehe 25 Julai, tarehe 26 aende kwa miguu hadi nyumba ya mpiganaji mmoja, bila kamera na bila hotuba, akaketi na kumuuliza hali. Dawa ya deni ni kulipa, na wadai wetu wanapungua kila msimu wa mvua. Tusingoje kopo la bati lifunguliwe baada ya maziko.