Msimu Haupimwi kwa Siku Moja

Watu husema ya kuwa siku njema huonekana asubuhi. Neno hilo humfaa mkulima atazamaye mawingu kabla ya kuanika kahawa yake, walakini katika mchezo wa mpira limewapoteza wengi. Timu hupata siku moja ya utukufu, na watu wakaimba mpaka usiku, wakidhani ya kuwa mwaka mzima utakuwa kama siku ile. Au hupata siku moja ya aibu, na watu wale wale wakakata tamaa, wakasema mwaka umekwisha. Mara zote mbili hukosea, na ushahidi wa kosa lao hauko mbali. Uko Bukoba, katika uwanja wa Kaitaba.

Katika vilima vya Bukoba, na kusini yake mpaka Kamachumu na Muleba, mtoto hujifunza kupiga mpira kabla hajajua kuandika jina lake. Mpira wake wa kwanza ni wa majani makavu ya mgomba, yaliyoviringwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba huo huo. Hudumu siku mbili tatu, na ukichakaa hufanywa mwingine, maana migomba haikosekani. Akikua kidogo husikia habari za Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, karibu na mto Kagera. Kiwanda hicho kiliharibiwa katika vita vilivyoanza mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi ile, kisha baadaye kikafufuliwa. Timu yake imezoea kuchezea Kaitaba, na mtu wa Muleba atakaye kuiona hana budi kusafiri zaidi ya kilometa 60. Wasio na nauli husikiliza redio.

Yafaa kwanza kuijua hesabu ya ligi, kwa kuwa bila hesabu hiyo maneno yatakayofuata hayana mguu wa kusimamia. Katika Ligi Kuu ya Tanzania kila timu hukutana na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Mshindi hupewa pointi 3, wakitoka sare kila mmoja hupata 1, aliyeshindwa hapati kitu. Msimu wa 2016/2017 timu zilikuwa 16, basi kila timu ilicheza mara 30, na pointi zote zilizowezekana kupatikana zilikuwa 90. Sasa mwanafunzi na atoe kalamu yake. Timu iliyowafunga Simba na Yanga, wakubwa wa Dar es Salaam, nyumbani na ugenini, ilipata kwao pointi 12 tu. Pointi 78 zilizobaki zilikuwa kwa timu nyingine 13, ambazo wengi hawaendi uwanjani kuzitazama. Wala hakuna sheria isemayo ya kuwa bao lililoingia katika lango la Simba lina uzito kupita bao lililoingia katika lango la timu ndogo.

Msimu huo wa 2016/2017 ulikuwa mchanga bado ilipofika Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri ya siku hiyo ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9. Watu wasiopungua 17 wakafa, nyumba nyingi zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata wanafunzi wakaondolewa. Siku ya pili yake watu walikusanyika katika uwanja wa Kaitaba kuwaaga marehemu. Uwanja ule ule wa mchezo ukawa mahali pa kilio.

Wiki sita zilipotimia, Yanga wakaja Bukoba. Tarehe 22 Oktoba wakaifunga Kagera Sugar mabao 6 kwa 2, tena nyumbani kwake, machoni pa watu wake ambao baadhi yao walikuwa wangali wakilala nje ya nyumba zenye nyufa. Je, nani angaliona siku njema asubuhi hiyo? Mwenye kupima msimu kwa siku moja angalikwisha kuifunga hesabu yake, akasema mwaka huu tumepotea. Lakini mwalimu wa timu, Mecky Maxime, ambaye zamani alikuwa nahodha wa timu ya taifa, hakuwa na ruhusa ya kufunga hesabu mwezi wa Oktoba. Mechi nyingi zilikuwa zimebaki, zikachezwa moja moja.

Hata tarehe 2 Aprili 2017 Simba wakafika Kaitaba wakiwa katika mbio za ubingwa, wakafungwa mabao 2 kwa 1. Furaha ya siku hiyo haikukaa sana. Simba walilalamika ya kuwa mlinzi mmoja wa Kagera Sugar alicheza akiwa na kadi 3 za manjano, jambo ambalo sheria yalikataza. Kamati ya ligi ikawasikiliza, ikaziondoa pointi 3 kwa Kagera Sugar na kuwapa Simba. Hivyo ushindi uliopatikana kwa jasho ukapotea mezani. Kagera Sugar hawakurusha mawe, wala hawakukataa kucheza mechi zilizofuata. Walipeleka rufaa kwa njia iliyowekwa. Kabla mwezi haujaisha kamati nyingine ya shirikisho la mpira ikaamua ya kuwa malalamiko yale hayakuletwa kwa utaratibu, na pointi 3 zikarudi Bukoba.

Jambo hili lilikuwa zito kuliko wengi walivyojua siku zile. Msimu ulipokwisha Yanga na Simba walikuwa sawasawa, kila mmoja na pointi 68, na Yanga wakawa mabingwa kwa wingi wa mabao. Kama pointi 3 za Kaitaba zingalibaki mikononi mwa Simba, kombe lingalikwenda kwingine. Na Kagera Sugar, timu ya mkoa uliotetemeka, iliyofungwa 6 nyumbani, iliyonyang'anywa ushindi na kurudishiwa, ilimaliza ya 3 katika nchi nzima.

Msimu uliofuata ulikuwa na siku ambayo watu wa Kagera husimulia zaidi ya zote. Tarehe 19 Mei 2018 Simba walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa, tena hawajafungwa hata mara moja katika ligi ya msimu huo. Rais John Magufuli alikuja mwenyewe katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuwakabidhi kombe. Uwanja ulijaa nguo nyekundu. Mpira ukaenda bila bao mpaka karibu na mwisho, ndipo Edward Christopher akaifungia Kagera Sugar. Simba wakapewa penalti katika dakika za mwisho, Emmanuel Okwi akaipiga, na kipa Juma Kaseja akaidaka. Wote wawili, mfungaji na kipa, walikuwa wamewahi kuichezea Simba hapo zamani. Bingwa akapokea kombe lake siku aliyofungwa.

Hapana ubaya kuifurahia siku kama hiyo. Mtu asiyefurahi timu ya kwao inaposhinda mbele ya Rais, huyo ana neno moyoni. Lakini furaha ni jambo moja na hesabu ni jambo jingine, na msimu wa 2018/2019 ulikuja kuonyesha tofauti yake wazi kuliko mwalimu yeyote awezavyo kuieleza ubaoni.

Mwaka huo timu zilikuwa 20 na mechi 38. Tarehe 20 Aprili 2019 Simba walikuja Kaitaba. Wiki moja kabla yake walikuwa Lubumbashi, nchini Kongo, wakicheza na TP Mazembe katika robo fainali ya klabu bingwa za Afrika. Hivyo walikuwa miongoni mwa timu 8 zilizo bora katika bara zima. Kagera Sugar ikawafunga 2 kwa 1. Tarehe 10 Mei zikakutana tena katika uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, na Kagera Sugar ikawafunga tena, 1 kwa bila. Simba ndio waliokuwa mabingwa mwaka huo. Basi bingwa wa nchi alifungwa na Kagera Sugar nyumbani kwake na ugenini, naye hakupata kwao hata pointi moja.

Msikiaji wa mbali angedhani ya kuwa timu hiyo ilikaribia ubingwa. Sivyo. Msimu ulipofungwa Kagera Sugar ilikuwa ya 18 kati ya 20. Timu mbili za chini yake zilishuka daraja moja kwa moja, nayo ikalazimika kucheza mechi za mtoano na Pamba ya Mwanza, iliyotoka daraja la chini, ili ijulikane nani atakaa na nani ataondoka. Ilishinda, ikabaki. Mwalimu wake alikuwa yule yule Mecky Maxime aliyeifikisha nafasi ya 3, na uwanja wa nyumbani ulikuwa ule ule. Hesabu ndiyo iliyobadilika. Pointi zote zilizowezekana kupatikana mwaka huo ni 114. Kwa Simba zilitoka 6. Katika 108 zilizobaki kulikuwa na sare nyingi na mechi nyingi zilizopotea ambazo hakuna azikumbukaye, kwa sababu siku ya kuchezwa kwake hakuna aliyeimba.

Si haki kusema ya kuwa wachezaji walilegea makusudi mbele ya timu ndogo. Walakini watazamaji wanayo sehemu yao, na hilo halisemwi vya kutosha. Wakija Simba au Yanga, Kaitaba hujaa tangu mchana, na magari ya Muleba hubeba watu kupita kiasi. Tena wengi wa waliojaza uwanja huvaa rangi za mgeni, nyekundu au kijani na njano, wakamshangilia mgeni dhidi ya mwenyeji wao aliyewalisha sukari asubuhi. Wakija watu wa timu isiyo na jina, pana nafasi ya kulala chali jukwaani. Mchezaji ni mtu kama watu wengine. Akiona ya kuwa kazi yake hutazamwa mara mbili kwa mwaka, si ajabu mara hizo mbili zikawa ndizo anazocheza vizuri.

Watu wa Buhaya walifaa kulijua jambo hili pasipo kufundishwa na mpira, maana kibanja huwafundisha kila siku. Migomba huondolewa majani makavu, nyasi hutandazwa chini yake, kahawa iliyo kivulini hupogolewa, na kazi hizi hufanywa siku ambazo hapana mgeni barabarani. Mwenye kufagia kibanja siku ya sherehe tu atapata sifa siku hiyo, na mikungu myembamba baadaye. Shuleni nako ni hivyo hivyo: mwanafunzi hupata 100 katika Hesabu, akaionyesha karatasi hiyo nyumba kwa nyumba, na Kiswahili na Sayansi na Jiografia zikamwangusha kimya kimya.

Wengine watajibu kwa Maandiko, wakisema ya kuwa Daudi alimwangusha Goliathi kwa jiwe moja, na siku hiyo moja ikamfanya mkuu. Wasome mbele kidogo. Baada ya siku ile ya Goliathi, Daudi alilala mapangoni akimkimbia Sauli, akiwatunza watu waliomfuata, wengi wao wakiwa wenye madeni na wenye huzuni. Alikuwa na umri wa miaka 30 alipoanza kumiliki, naye akamiliki miaka 40. Jiwe la Goliathi halikumfanyia kazi ya miaka hiyo yote.

Kwa sababu hiyo ingefaa kila shule yenye timu, iwe ya Kashozi au ya Rubya, iwe na daftari moja ambamo mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri huandika matokeo yote ya mwaka kwa mfuatano: ushindi, sare, na kushindwa, pamoja na hali ya mvua na idadi ya waliokuja mazoezini. Isiandikwe mechi ya shule kubwa kwa wino mwekundu. Mwisho wa mwaka wachezaji wakae chini ya mti walisome daftari lote kwa sauti. Watashangaa kuona ni mechi zipi zilizowaweka mahali walipo.

Msimu wa 2024/2025 Kagera Sugar ilishuka daraja, baada ya kukaa katika Ligi Kuu miaka mingi. Ilishuka pamoja na KenGold ya Mbeya. Mechi zilikuwa 30 tena, na hakuna awezaye kuonyesha moja kati yake akasema, hii ndiyo iliyoiangusha. Pamba ya Mwanza, ile iliyoshindwa katika mtoano wa mwaka 2019, ilikuwa imerudi daraja la chini ikacheza huko miaka mitano, katika viwanja ambavyo redio haikuvitangaza sana. Ilipanda mwaka 2024. Na msimu ule ulioiondoa Kagera Sugar, Pamba ilibaki.