Kusoma Ishara za Mwenzio: Ni Werevu au ni Wizi?

Liko suala moja la michezo ambalo nimelisikia likibishaniwa mara nyingi katika viwanja vya shule huko Kitui na Makueni, na nionavyo mimi halijapata jawabu la kuridhisha. Suala lenyewe ni hili: mchezaji akizisoma ishara za siri za timu anayopambana nayo, akajua watakalolifanya kabla hawajalifanya, je, ameshinda kwa werevu au ameiba?

Kwa wale wasioufuata mchezo wa voliboli, yaani mpira wa wavu, yafaa nieleze kidogo. Kila upande huwa na watu 6, na uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Kabla mpira haujaanzishwa, mchezaji aliye mbele, karibu na wavu, huupeleka mkono nyuma ya mgongo akawaonyesha wenzake vidole. Kidole kimoja aghalabu maana yake ni kuwa ataiziba njia iliyonyooka ya pembeni. Vidole viwili, ataiziba njia ya mshazari. Wenzake walio nyuma hujipanga kwa kufuata ishara hiyo. Wapinzani walio ng'ambo ya wavu hawauoni mkono huo, kwani umefichwa na mwili wa mwenyewe. Vijana wa Mombasa wanaocheza wawili wawili mchangani wanazijua sana ishara hizi.

Lakini walio nyuma ya uwanja wanauona mkono. Na katika shule nyingi za Ukambani uwanja ni ardhi nyekundu iliyosawazishwa kando ya miembe, hauna majukwaa, na watizamaji huuzunguka pande zote nne. Hapo ndipo fitina inapoanzia.

Katika shule moja ya Makueni, ambayo sitaitaja, niliwahi kutizama mchezo wa kirafiki baina ya wenyeji na wageni kutoka Pwani. Kila wageni walipokuwa tayari, sauti zilitoka nyuma yao: "Ili! Ili!" Wageni, kwa Uswahili wao, walidhani ni mwanzo wa maneno, wakawa wanangojea kusikia "ili" nini. Kumbe kwa Kikamba hiyo ni hesabu tu: ili ni mbili. Watizamaji walikuwa wanavihesabu vidole vya wageni na kuwatangazia wenyeji, na mpigaji wa wenyeji akaupeleka mpira kule kulikoachwa wazi. Seti mbili zikaenda hivyo hivyo.

Mmoja wa wageni alikuwa mzaliwa wa Mariakani, na huko Wakamba wamekaa na majirani zao wa Pwani kwa miaka mingi. Sikio lake likamfumbulia fumbo. Aliwanong'oneza wenzake, nao wakaanza kuonyesha vidole viwili na kufanya kazi ya kimoja. Seti ya tatu wageni wakaichukua, na watizamaji wakapigwa na bumbuwazi. Wenyeji walikuja kushinda mwishowe, lakini mabishano yaliyofuata chini ya miembe yalikuwa makali kuliko mchezo.

Wako waliosema, macho hayana pazia. Mwenye siri na aifiche, na asiyeweza kuificha asimlaumu aliyeiona. Wako waliosema kuwa kuchungulia ni kuchungulia, kuwe kwa dirisha la jirani au kwa mgongo wa mchezaji. Na najua wako miongoni mwa wasomaji watakaonikumbusha Suratul Hujurat, jinsi ilivyokataza watu kupelelezana. Tafsiri nawaachia masheikh wetu. Kwa akili yangu ndogo naona uwanja wa mpira si chumba cha mtu. Anayeingia humo ameridhia kutizamwa na anayecheza naye.

Basi mimi huupima mzozo huu kwa kipimo kimoja: ni nani aliyeona, na amelipa nini kwa kuona? Kijana wa Mariakani alikuwa mchezaji. Sikio lilikuwa lake, na lugha alijifunza mwenyewe kwa kuishi na watu. Mpigaji naye, akigundua kuwa mlinzi wa upande wa pili huinamisha bega kila atakapoziba mshazari, ameyapata hayo kwa macho yake huku akiwa na kazi ya kuuangalia mpira. Tena amejitia katika hatari, maana bega hilo laweza kuinamishwa makusudi ili kumhadaa. Huo ni werevu, na ndio utamu wa mchezo. Bali yule aliyesimama nyuma ya mstari na kupiga kelele hachezi. Hana cha kupoteza. Anampa mpigaji kitu ambacho macho yake mwenyewe yasingeweza kukipata, na huyo mwenye vidole hana namna ya kujikinga nacho ila kwa bahati ya kujua Kikamba.

Sisi wa Pwani kanuni hii tunayo tangu zamani kwenye bao. Mchezaji aliyebobea humtizama mwenziwe usoni, akayafuata macho yake yanavyotembea juu ya mashimo, akajua anahesabu mtaji upi. Hakuna anayemlaumu. Lakini mtizamaji akikohoa kwa maana, au akanong'ona "hapo, hapo", barazani hapakaliki. Karata nazo ni vivyo hivyo: kumsoma adui ni ufundi, ila konyezo la mtu aliyesimama nyuma ya mwenye karata huvunja urafiki.

Wamarekani wamegombana juu ya jambo hili kwa miaka mingi katika mchezo wao wa besiboli. Humo mdakaji huchutama nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji vidole, kumwelekeza aina ya mpira wa kurusha. Mchezaji wa upande wa mpigaji aliyefika kituo cha pili anaviona vidole hivyo, akaweza kumpa mwenzake ishara. Hapewi adhabu, kwa kuwa pale amefika kwa mbio zake mwenyewe. Lakini timu ya Houston Astros, katika mwaka wa 2017 ilipotwaa ubingwa, ilitumia kamera kuvitizama vidole vya mdakaji, na watu wakigonga pipa la taka kumjulisha mpigaji. Januari 2020 timu hiyo ikatozwa dola milioni 5, na meneja wake pamoja na mkuu wa shughuli za timu wakafungiwa mwaka mzima. Kuanzia 2022 wadakaji wakaruhusiwa kutumia kifaa cha vitufe kinachompelekea mrushaji sauti sikioni. Kwa hivyo ule ufundi wa zamani wa kuficha na kufumbua vidole umepungukiwa na kazi. Wizi haukumdhuru aliyeibiwa peke yake, ulipunguza na utamu wa mchezo wenyewe.

Na katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, timu ya soka ya wanawake ya Kanada ilipokonywa pointi 6 baada ya droni kurushwa juu ya mazoezi ya New Zealand. Mwalimu mkuu alifungiwa mwaka mmoja. Lakini pointi zile zilitoka katika jasho la wachezaji, na wao ndio waliobaki uwanjani kuilipa deni hiyo.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi juu ya watoto wetu wa shule. Michezo yao ina njia ndefu, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kutoka kaunti hadi kanda, na kutoka kanda hadi taifa. Huko juu timu za Mashariki na za Pwani hukutana, mbele ya waamuzi wanaojua kazi yao na uwanja uliozungushiwa nafasi. Mpigaji aliyezoea kusubiri "Ili!" atafika huko akiwa hana macho. Atakuwa amefundishwa kusikiliza ukuta, na huko hakuna ukuta wa kumsemesha. Ushindi aliopewa nyumbani utakuwa umemnyang'anya ufundi aliokuwa aupate.

Dawa yake si ngumu wala haina gharama. Sheria za voliboli zinataka pawe na nafasi wazi ya mita 3 hivi kuzunguka uwanja. Mwalimu wa michezo wa shule ya wenyeji na avute kamba, awaondoe watizamaji nyuma ya mistari miwili ya mwisho, wakae pembeni chini ya miembe yao, washangilie watakavyo. Mwamuzi akisikia vidole vinatangazwa, asimamishe mchezo na kuonya. Walio ndani waachwe wasomane na kuhadaana mpaka mmoja achoke.

Macho hayana pazia, ni kweli. Basi mchezaji na atumie yake.