Tulilikariri Bonde la Ufa, hatukulielewa

Juzi nilikuwa njiani kwenda Karatu. Ukishapita Mto wa Mbu, barabara inaanza kuupanda ule ukuta mkubwa, na huko juu kuna mahali ambapo magari husimama watu watazame. Chini kuna msitu, kisha Ziwa Manyara, kisha tambarare inayopotelea kwenye ukungu. Nikajifanya mwalimu, nikamwambia mzee mmoja tuliyepanda naye gari: "Mzee, hili ndilo Bonde la Ufa."

Akatazama weee. "Bonde lina kuta mbili, kijana wangu. Wa pili uko wapi?"

Nikaduwaa. Mashariki sikuona ukuta wowote. Mimi nina shahada, na jiografia niliifaulu. Ule mchoro wa kitabuni naweza kuuchora hata leo: kuta mbili, katikati pamezama, mishale inavuta huku na huku. Sikuwahi kujiuliza kama nchi yenyewe inafanana na mchoro.

Niliporudi nikalitafuta jibu, na wala si gumu. Pale Manyara ardhi ilikatika sana upande mmoja tu, wa magharibi. Kipande cha mashariki kikainamia huko, mfano wa meza iliyovunjika miguu ya upande mmoja. Maji yakakusanyika palipozama zaidi, chini ya ukuta. Ndiyo maana ziwa limejibanza pale, halina mto wa kulitoa maji, na maji yake yana magadi. Na ule msitu hauishi kwa mvua yake tu. Mvua inayonyesha nyanda za juu za Ngorongoro huzama kwenye miamba ya volkano, hupita chini kwa chini, kisha hutokeza kama chemchemi mguuni mwa ukuta. Ni maelezo ya dakika tano, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa.

Hivi kwa nini sikuyasikia darasani? Msiniambie vifaa hakuna. Wapo wanafunzi Mto wa Mbu wanaouona ukuta huo kila wakitoka nje! Tatizo ni kwamba tunafundishwa ardhi yetu kama habari za ng'ambo. Shule ya msingi tunaitaja kwa Kiswahili, sekondari tunaanza upya kwa Kiingereza, tunakariri majina, mtihani ukiisha na elimu imeisha. Anayefaulu anatoka na maneno asiyoweza kumweleza babu yake. Eti huyo ndiye msomi.

Kuna watakaosema, mhasibu wa Dar miamba inamhusu nini? Wakumbuke Katesh. Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope likashuka na kuua watu zaidi ya 80. Wapo waliodhani volkano imelipuka, hadi ikabidi ielezwe kuwa ni mlima ulioshiba maji ya mvua ukaporomoka. Tunajenga, tunalima na kulala juu ya ardhi tusiyoijua.

Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Nasema mwanafunzi asipewe alama kwa kutaja jina la kitu asichoweza kukieleza kwa lugha anayoiota usiku. Mwalimu awatoe nje, awaambie watazame, kisha waeleze walichokiona.

Yule mzee aliteremka Karatu bila jibu. Hajui kwamba swali lake ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la jiografia.